Mtaa unaanza kugawanyika kwenye darasa la vidudu

Uandikishaji wa watoto wa awali na darasa la kwanza katika shule za serikali huanza Oktoba na kwenda hadi Desemba. Katika miezi hiyo, mzazi wa Chamazi, Charambe, Toangoma, Bunju au Mabwepande mwenye mtoto anayekaribia miaka mitano anakuwa na njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni darasa la awali la shule ya msingi ya serikali, bila ada. Ya pili ni deikea ya mtaani, chumba kimoja au viwili katika nyumba ya mtu, ambako mama analipa kwa wiki au hata kwa siku. Ya tatu ni ingilishi midiamu, yenye basi la njano, sweta yenye nembo na ada inayolipwa kwa awamu. Kwa mzazi hii ni hesabu ya mfuko wake. Kwangu ni jambo zito kuliko mengi tunayobishana katika mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kwa kuwa hapo ndipo inapoamuliwa mtoto atakua akiwafahamu watoto gani.

Naandika kulitetea darasa la awali la serikali. Silitetei jinsi lilivyo sasa, maana jinsi lilivyo sasa mzazi yeyote mwenye akili timamu ana haki ya kusita. Ninachosema ni kwamba katika mitaa ya Temeke na Kinondoni hakuna mahali pengine panapoweza kuwakalisha pamoja mtoto wa fundi uashi, wa mama lishe, wa karani wa benki, wa aliyehamia juzi kutoka Lindi na mtoto mwenye ulemavu, kila siku ya kazi kwa mwaka mzima, kabla hawajajifunza kuogopana. Tukiliacha darasa hilo liwe la wasio na namna, tutakuwa tumeigawa mitaa yetu kwa mikono yetu wenyewe, na itatuchukua miaka mingi kuirudisha.

Ukitaka kuona mgawanyiko huo, pita alfajiri kwenye kona yoyote ya barabara inayoingia Chamazi. Saa kumi na moja na nusu, giza bado halijaisha, basi la shule linasimama na taa zake za ndani zinawaka. Mtoto wa miaka minne anabebwa na dada wa kazi akiwa bado na usingizi, kichwa kimelalia begani, begi mgongoni kubwa kumzidi. Anakabidhiwa kwa matroni, mlango unafungwa. Basi litazunguka mitaa mingine kwa saa nzima au zaidi kabla ya kufika. Inapokaribia saa moja, geti la nyumba ya pili linafunguka na mtoto wa umri uleule anatoka na ndala, ameshikwa mkono na dada yake wa darasa la nne, wanaenda shule ya serikali kwa miguu, wakisubiri upenyo wa kuvuka kati ya bajaji na daladala. Nyumba hizo zinagawana ukuta mmoja. Watoto wake wanajuana kwa sura, na mara nyingi kwa majina, lakini hawana wimbo mmoja wanaoujua pamoja, wala mwalimu mmoja, wala kisa kimoja cha kuchekea.

Jioni nako basi la njano linarudi wakati wengine wameshacheza wakachoka. Mahali pekee ninapowaona wakichanganyika kweli ni madrasa, au mafundisho ya Jumapili kwa upande wa Wakristo. Madrasani, mtoto wa ingilishi midiamu na wa kayumba, yaani shule ya serikali, wanakaa mkeka mmoja na kusahihishana alifu na bee, na hakuna mzazi anayelalamika kwamba mwanawe anaharibiwa. Kumbe uchanganyaji wenyewe hatuuogopi. Tunaouogopa ni udhaifu wa darasa, na udhaifu wa darasa ni kitu kinachorekebishika.

Mji huu una historia inayopaswa kututia uchungu tunapoona haya. Wakoloni waliupanga Dar es Salaam kwa rangi: Uzunguni kwa Wazungu, Uhindini katikati ya mji, Uswahilini kwa Waafrika. Shule zilifuata mpango huohuo, za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila kundi na bajeti yake, na bajeti hizo hazikukaribiana hata kidogo. Moja ya hatua za mwanzo kabisa za nchi iliyopata uhuru Desemba 1961 ilikuwa kuuvunja mfumo huo, na kuanzia Januari 1962 shule zikawa za wote. Machi 1967 Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba elimu tuliyorithi iliwatenga wachache na jamii yao. Kisha likaja Azimio la Musoma la 1974, na kufikia 1977 elimu ya msingi kwa wote ikawa kampeni ya taifa zima. Ubora uliyumba, hilo linajulikana. Lakini kizazi kilichosoma wakati huo kilitoka na mazoea ya kukaa dawati moja na mtu wa kabila lolote, dini yoyote na kipato chochote. Amani ya kila siku tunayojisifia katika mitaa yetu ilijengwa kwa sehemu kubwa kwenye madawati hayo.

Katikati ya miaka ya 1990 milango ya shule binafsi za msingi ilifunguliwa tena, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ikaitambua rasmi elimu ya awali. Tangu hapo mtengano umerudi taratibu. Safari hii hauendi kwa rangi, unakwenda kwa ada. Na hauanzii sekondari wala chuo kikuu, unaanzia darasa la vidudu.

Serikali haijakaa kimya. Sera ya 2014 ilisema mtoto wa miaka mitatu hadi mitano apate elimu ya awali kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na iwe ya lazima. Kuanzia Januari 2016 ada na michango ya lazima viliondolewa katika elimumsingi, na watoto wakafurika shuleni. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Karatasi zipo, na nyingine zimeandikwa vizuri sana. Kilichokosekana ni chumba na mwalimu.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 wilayani Temeke na 982,328 Kinondoni, na hesabu hiyo ni baada ya Kigamboni na Ubungo kumegwa kutoka wilaya hizo mbili. Mkoa mzima ulitoka watu 4,364,541 mwaka 2012 hadi 5,383,728 mwaka 2022. Watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na hawakwenda Upanga wala Kariakoo. Wengi wamekwenda kule ambako kiwanja kilikuwa bado kinapatikana kwa mkopo wa saccos au kwa kuuza shamba la urithi, maeneo kama Chamazi, Toangoma, Mabwepande na Bunju. Shule za msingi za maeneo hayo zilijengwa wakati mitaa hiyo ikiwa na minazi na mikorosho. Majimatitu ya Mbagala imetajwa mara nyingi magazetini kwa wanafunzi wake wanaohesabika kwa maelfu. Shule kama hiyo inapotakiwa kupokea darasa la awali, mwalimu mkuu anafanya ambalo yeyote angelifanya: chumba kizuri anawapa darasa la saba wenye mtihani, na wadogo wanabaki na kilichobaki.

Mwongozo wa serikali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Niliwahi kukaa asubuhi nzima kwenye darasa la awali la shule moja ya serikali upande wa Mbagala, na watoto walikuwa wanapita mia moja. Waliotangulia walikaa juu ya mkeka wa plastiki, waliochelewa walikaa kwenye saruji. Mwalimu alikuwa mmoja. Vifaa vyake vya kuhesabia vilikuwa vifuniko vya soda ndani ya ndoo ya rangi iliyooshwa, na alivigawa vitatu vitatu hadi vikaisha, mstari wa nyuma ukabaki unahesabu vidole. Pembeni alikuwa ametengeneza duka, kama mtaala unavyoelekeza kona za ujifunzaji, kwa pakiti tupu za unga na maboksi ya dawa ya meno. Kazi yake ilikuwa ya mtu anayependa watoto. Lakini aliniambia jambo ambalo sijalisahau: katika darasa lake wapo watoto ambao tangu Januari hajawahi kusikia sauti zao.

Asubuhi ileile nililiona pia lile ninalolipigania. Mwalimu alinyanyua picha ya bibo na kuuliza ni nini. Wakajibu embe, wengine pilipili hoho. Mtoto mmoja wa kiume, ambaye aliletwa kwa shangazi yake kutoka Tandahimba muda mfupi tu kabla, akasema bibo, kisha akasimama bila kuitwa na kuonyesha kwa vidole viwili jinsi korosho inavyoning'inia chini ya tunda. Darasa zima lilikuwa linaijua korosho ya kwenye vifuko vya nailoni inayouzwa kituoni Rangi Tatu, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba inatoka kwenye mti. Maswali yakaanza. Mti wake mrefu? Linaliwa? Linawasha? Yule mtoto, ambaye mwalimu aliniambia alikuwa akichekwa kwa lafudhi yake wiki ya kwanza, alifundisha darasa kwa dakika tano. Hakuna kitabu cha ada kubwa kinachoweza kutoa somo lile kwa darasa ambalo watoto wake wote wametoka kwenye nyumba za aina moja.

Katika darasa la watoto mia, kwa kweli, mwalimu mkubwa wa mtoto ni mtoto aliyekaa naye. Ndiyo maana mchanganyiko una thamani kuliko tunavyodhani. Utafiti uliofanyika Connecticut, Marekani, na kuchapishwa 2007 uliwalinganisha watoto wa familia za kipato cha chini waliokuwa kwenye madarasa ya maskini watupu na wenzao waliochanganyika na watoto wa vipato mbalimbali. Waliochanganyika walipanua lugha yao zaidi ndani ya mwaka mmoja wa shule. Connecticut si Kiburugwa, lakini utaratibu wenyewe unaeleweka hata bila kwenda Marekani. Mtoto ambaye nyumbani anasomewa hadithi huja na maneno, anayeshinda sokoni Tandika na mama yake huja na hesabu za chenji, na aliyetoka kijijini huja na miti, ndege na wanyama. Ukiwatenganisha, kila mmoja anabaki na cha kwao tu. Hasara hiyo inampata hata mwenye basi la njano.

Mabwepande inastahili kutajwa kwa jina. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipowakumba wakazi wa bonde la Msimbazi, Jangwani na maeneo jirani, serikali iliwahamishia wengi huko na kuwagawia viwanja. Watu waliozoea maisha ya katikati ya mji, kutembea kwa miguu hadi Kariakoo kutafuta riziki, walijikuta ukingoni mwa wilaya, jirani na wenyeji wakulima na, baada ya muda, jirani na wafanyakazi wa ofisini waliojenga majumba kuelekea Bunju. Mtaa wa namna hiyo haujengwi na barabara peke yake. Unahitaji mahali ambapo watoto wa makundi yote matatu wanaanza maisha pamoja. Darasa la awali lingekuwa mahali hapo, na ninavyoona mimi lilipaswa kujengwa siku zilezile viwanja vilipokuwa vinapimwa.

Sasa kuhusu deikea. Wapo wanaozidharau, na kweli zipo zinazotisha: chumba kimoja, dirisha dogo, watoto wanalazwa mchana ili wasisumbue. Lakini bila deikea akina mama wa Tandika, wa viwandani Chang'ombe na wa kwenye mabanda ya chakula Tegeta wasingeweza kufanya kazi. Darasa la awali la serikali linaanza mtoto akiwa na miaka mitano na linakwisha kabla ya saa sita mchana. Kabla ya hapo karibu hakuna kitu cha umma. Mtoto wa miaka mitatu wa mwuza samaki hana pengine pa kwenda. Zaidi ya hayo, deikea iko chini ya ustawi wa jamii na awali iko chini ya elimu, na mgawanyo huo una mizizi mirefu, tangu Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo Mchana ya 1981. Matokeo yake ni kwamba mtoto yuleyule, akitoka chumba kimoja kwenda kingine mtaa uleule, anahama ofisi ya serikali na hakuna karatasi inayomfuata. Mwalimu wa awali anampokea kama mtu aliyeanguka kutoka mbinguni.

Wenye deikea ni watu wa kushikwa mkono. Wengi ni wanawake wa mtaani wanaoaminika, wanawajua wazazi kwa majina na wanajua nani leo hana hela. Wakipewa mafunzo mafupi, ukaguzi wa kirafiki na kibali kisichochukua miezi, wao ndio daraja la kuingilia awali. Kuwafungia kwa kufuli na kuwaacha akina mama wa watoto barabarani hakumsaidii mtoto yeyote.

Tuje kwenye uji, maana hapa ndipo roho inaniuma zaidi. Ada zimeondolewa, lakini chakula cha shuleni kimeachwa kwa makubaliano ya wazazi, na makubaliano yana maana ya mchango. Katika darasa nililolitaja, saa nne ilipofika, vikombe vya plastiki vya rangi vilitoka kwenye mabegi. Ambao wazazi wao walikuwa hawajamaliza mchango walibaki mkekani wakichezea vijiti huku wenzao wanakunywa. Hawakulia. Walikuwa wameshazoea, na kuzoea huko mtoto wa miaka mitano ndiko kunakouma. Tumeondoa ukuta wa ada mlangoni, tukajenga mwingine ndani ya darasa, wa urefu wa kikombe. Kama kuna jambo moja ambalo halmashauri inaweza kulifanya mwaka huu bila kusubiri mfadhili wala waraka mpya, ni uji kwa kila mtoto wa awali, bila daftari la nani ametoa na nani hajatoa. Unga wa mahindi, sukari na kuni za darasa moja si fedha za kuishinda Temeke.

Watoto wenye ulemavu wana safari yao. Dar es Salaam ina shule zenye sifa, kama Uhuru Mchanganyiko pale Ilala, ambayo jina lake lenyewe linatangaza kazi yake, Buguruni Viziwi na Sinza Maalum. Lakini mama wa Mbweni au wa Mianzini mwenye mtoto asiyesikia vizuri anakutana na shule hizo akiwa amechelewa, tena kwa daladala mbili au tatu. Mara nyingi mtoto huyo ameshaitwa mtundu, mkaidi au mzito wa kuelewa. Awali ndipo panapostahili kuwa mahali pa kwanza pa kumtambua, kwa sababu ndipo kwa mara ya kwanza mtu asiye ndugu anamtazama mtoto akiwa kati ya wenzake. Nchi ilijiwekea Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26. Lakini mwalimu mwenye watoto mia na zaidi, ambaye sauti za baadhi yao hajazisikia, hawezi kujua ni yupi hasikii.

Najua pingamizi la wazazi wenzangu wenye uwezo kidogo, maana tunalizungumza kwenye harusi na kwenye vikao vya familia. Wanauliza: nimtoe mwanangu sadaka ili mtaa upendeze? Hapana. Hakuna anayepaswa kumtoa mtoto wake sadaka, na mzazi anayekopa kumlipia ada ninamheshimu. Namwomba apime mambo mawili. La kwanza ni Kiingereza, ambacho ndicho kinachouza shule hizi. Mtoto wa miaka minne anayeamshwa saa kumi alfajiri, akasinzia garini na kukaririshwa sentensi asizozielewa, hanunui Kiingereza, ananunua uchovu. Akili ya umri huo inakua kwa mazungumzo, kwa kuuliza na kujibiwa, na lugha anayoweza kuuliza nayo ni Kiswahili. Kiingereza kina muda wake na walimu wake, na anayekianza baadaye akiwa na msingi mzuri wa lugha yake haachwi nyuma. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alipopiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, wazazi wengi walikubali kwamba mtoto mdogo anahitaji kuwa karibu na nyumbani. Saa mbili garini kila siku nazo zina uzito wake katika hoja hiyohiyo.

La pili ni sauti. Shule ya mtaa inapopoteza watoto wa karani, wa mwalimu, wa mhasibu na wa askari, inapoteza pia wazazi wanaojua kuandika barua kwa afisa elimu, kusoma mapato na matumizi ubaoni na kusimama kwenye mkutano bila kutetemeka. Wanabaki wazazi ambao kuitwa ofisini kwao ni habari mbaya siku zote. Kamati ya shule inakuwa ya kupiga muhuri. Serikali nayo imechangia hapa: shule kama Olympio na Diamond, za serikali na za ingilishi midiamu zinazotoza ada, zimeonyesha kwamba hata ndani ya nyumba ya umma kuna chumba cha wageni na chumba cha wenyeji. Sina ugomvi na walimu wa shule hizo, wanafanya kazi nzuri. Ila kila halmashauri inayofikiria kuongeza shule za aina hiyo ijiulize kwanza ni madarasa mangapi ya awali yangejengwa kwa fedha hizo Charambe.

Tatizo la ardhi ni la kweli, hasa Temeke, ambako nyumba zimesongamana kiasi kwamba hata gari la zimamoto halipiti. Hakuna atakayepata ekari tano Mbagala Kuu. Lakini darasa la awali halihitaji ekari tano. Mwaka 2021, kwa mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19, serikali ilitangaza madarasa 15,000, na 3,000 kati yake yalikuwa ya shule shikizi, zile ndogo zinazojengwa karibu na watoto na kulelewa na shule mama. Wazo hilo lilifikiriwa zaidi kwa ajili ya vijijini. Mjini linahitajika kwa sababu nyingine: mtoto wa miaka mitano hapaswi kuvuka barabara ya Kilwa kwenda kukaa sakafuni na wenzake mia. Shikizi ya awali ya mjini ingeweza kuwa vyumba viwili na uwanja wenye uzio nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa, ukumbi wa kanisa unaokaa kimya Jumatatu hadi Ijumaa, au madrasa ambayo asubuhi haitumiki.

Pwani yetu imeshafanya hivyo. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Aga Khan, mwalimu Bi Swafiya Said alianza Mombasa mpango wa madrasa za awali, na shule ya kwanza ikafunguliwa 1986. Ulifika Zanzibar 1990 na Uganda 1993. Jamii ilitoa jengo na kamati, wanawake wa palepale wakafundishwa ualimu, na vifaa vikatengenezwa kwa vifuu, makombe, kamba na vitambaa. Elimu ya dini na elimu ya shule zilikaa chumba kimoja bila kugombana, na watoto wasio Waislamu nao walipokelewa. Hakuna sababu ya msikiti wa Kijichi na kanisa la Wazo kushindwa kuingia mkataba wa aina hiyo na manispaa, ilimradi mwalimu alipwe na serikali na mlango uwe wazi kwa kila mtoto wa mtaa. Sharti hilo la mwisho lisilegezwe. Jengo la dini moja likipokea watoto wa dini moja, tutakuwa tumebadilisha mtengano mmoja kwa mwingine.

Mwalimu ndiye gharama kubwa, na hapo hakuna njia ya mkato. Mpaka sasa mahali pengi anayefundisha awali ni mwalimu wa kujitolea, kijana aliyemaliza chuo anayelipwa posho kutokana na michango, au mwalimu aliyepelekwa huko kwa sababu amekaribia kustaafu. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vinafundisha walimu wa elimu ya awali hadi ngazi ya shahada. Wahitimu wapo mitaani, wengine wanauza vocha. Ajira zao zipewe fungu lake, ili mwalimu mkuu asilazimike kuchagua kati ya mwalimu wa awali na wa hisabati darasa la saba, kwa sababu tunajua atakayechaguliwa.

Na fedha? Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza 2002, ruzuku ya uendeshaji iliwekwa dola 10 kwa mwanafunzi kwa mwaka, takriban shilingi 10,000 za wakati ule. Elimu bila ada ilipokuja ilikuta kiwango kilekile, huku dola ikiwa imepanda zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo tusitegemee ruzuku peke yake. Kenya ilichukua njia nyingine: Katiba yao ya 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa kaunti, na leo mzazi wa Kilifi au Kwale anajua gavana gani wa kumdai. Hapa kwetu mzazi akiuliza, anatumwa shuleni, shule inamtuma kwa afisa elimu kata, na yeye anamtuma manispaa.

Manispaa za Kinondoni na Temeke zina mapato ya ndani ambayo halmashauri nyingi za mikoani zinayaota tu. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato hayo kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kwa sababu ni sheria, kila mwaka fungu hilo linaulizwa, linakaguliwa na kugombewa. Napendekeza asilimia tatu nyingine, kwa mfano huohuo, iwe ya awali: shikizi za mitaani, posho ya walimu wanaojitolea mpaka waajiriwe, mafunzo ya wenye deikea, na uji. Kata zenye msongamano mkubwa zianze, na takwimu za kila darasa zibandikwe kwenye mbao za matangazo za serikali za mitaa: watoto wangapi, walimu wangapi, vikombe vingapi vya uji. Bajeti za halmashauri hupitishwa na mabaraza ya madiwani mwanzoni mwa mwaka, kabla hazijakwenda juu. Diwani hahitaji ruhusa ya Dodoma kuuliza kwenye baraza lake fungu la awali liko wapi, na mzazi hahitaji ruhusa ya diwani kwenda kumwuliza kama ameshauliza.